Chai Niliyompelekea Mkwe Wangu

Ulikuwa ule mwaka tuliokula ngano iliyoota. Majirani zetu Wakikuyu walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kuondolewa shambani kwa sababu ya mambo ya Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya mkoloni, mikono ya kuvuna ikapungua, na mvua ikaikuta ngano bado imesimama. Ikachipuka ikiwa kwenye masuke. Mzungu hakupata wa kumuuzia, akatupa sisi wafanyakazi badala ya posho ya mahindi. Tuliichemsha na maharagwe, tukaila asubuhi na jioni, ikakaa tumboni kama kokoto. Ukiisaga, unga wake unanata vidoleni kama gundi. Na kwa unga huo huo ilinibidi nioke mkate wa Meza ya Bwana.

Mimi na mzee wangu ndio tuliolitunza kanisa la pale shambani, kati ya Njoro na Rongai. Lilikuwa la udongo na mabati, na viti vyake vilikuwa magogo. Yeye alikuwa mzee wa kanisa. Alikibeba kikombe kutoka mtu wa kwanza hadi wa mwisho bila kumwaga tone, na mikono yenyewe ilikuwa ya kukamua ng'ombe wa mzungu, migumu kama kwato. Mimi nilioka mkate. Shule nilikaa miezi mitatu tu, nikatolewa nikawalee wadogo zangu. Lakini mkate wangu, hata mke wa mzungu aliwahi kuniuliza ninauokaje. Nilimwambia, kwa moto.

Mchungaji alitoka Nakuru kwa baiskeli mara moja kila miezi mitatu. Na sheria yetu kila mtu aliijua: mzee wa kanisa mwenye ugomvi nyumbani kwake haigusi Meza. Kwa hiyo wiki ya kuelekea Meza watu walipatana, hata kwa kuuma meno. Huyu anarudisha jembe la jirani, yule anamwomba mkewe msamaha watoto wakisikia.

Alhamisi ya wiki hiyo, saa nne asubuhi, binti yetu aliingia uani, ametoka Rongai kwa miguu. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Mimba hiyo leo ni mwalimu pale Njoro, anafundisha watu wenye ndevu, na urefu wake ameutoa kwangu. Basi nilimwita binti yangu, hakugeuka. Nikamwita tena. Ndipo nikaona sikio la kushoto linatoa maji, na shavu limefura mpaka jicho limebaki mstari. Sikumuuliza amemkosea nini mumewe. Nilimwosha, nikampa ile ngano yetu, akaitafuna kwa upande mmoja.

"Mama, usinirudishe."

"Kula."

Mzee alipotoka kukamua alimtazama binti yake, kisha akakaa kwenye kigoda.

"Jumapili ni Meza," akasema.

"Najua."

"Wataniuliza kama nyumba yangu ina amani."

"Waambie waliulize sikio."

Hakucheka. Msidhani hakumpenda mtoto wake. Lakini kikombe kile ndicho kitu pekee alichokishika maishani ambacho mzungu hakuwa na amri nacho.

Jumamosi mchana akaja shemeji yangu, kaka mkubwa wa mzee. Yeye ndiye aliyekuwa mshenga wa ndoa ile, kwa hiyo ikivunjika, aibu ni yake. Na nyuma yake alikuja mkwe wangu mwenyewe, koti limepigwa pasi. Niliingia jikoni mbio. Kwetu Magharibi mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani. Tukikutana njiani, mimi naingia kwenye mahindi, yeye anageukia ua. Hata jasho lake sitakiwi kulinusa. Kwa hiyo wanaume walikaa sebuleni kuzungumza habari za mtoto niliyemzaa, na mimi niliyemzaa nikakaa na moshi, nikichochea kuni.

Jikoni palikuwa hatua saba tu kutoka nyumbani, na madirisha yalikuwa wazi. Nilimsikia shemeji akisema mume na mke ni ulimi na meno. Nilimsikia mkwe wangu akisema ni hasira tu, imepita.

"Mke wetu!" shemeji akaita. "Chai iko wapi? Au siku hizi watu wa kanisa wanakunywa maombi?"

"Inachemka, shemeji."

"Basi ailete mwenyewe mwenye mume!"

Nilielewa. Kwetu, mke aliyekimbia akimpelekea mumewe chai mbele ya wazee, maneno yamekwisha. Hakuna tena wa kuuliza habari ya sikio. Mume anakunywa, anaaga, na mke anafuata nyuma. Na kesho yake mzee wangu anabeba kikombe, nyumba yake ina amani.

Binti yangu pia alielewa. Aliinuka akashika sinia.

"Wacha nipeleke tu, mama. Baba asikose kikombe."

"Kaa chini."

"Mama..."

"Nimesema kaa."

Nikamnyang'anya sinia. Zile hatua saba sijapata kutembea safari ndefu kama hiyo. Mama yangu, bibi yangu, hakuna aliyewahi kufanya nilichokuwa nakwenda kufanya. Sikupiga hodi. Niliingia.

Mkwe wangu alikuwa ameinamisha kichwa, kijana aliyefunzwa adabu. Aliona miguu kwanza. Akaona ni miguu ya mtu mzima, ina nyufa. Akapandisha macho mpaka kwenye leso, akatambua.

"Uwi!"

Alijifunika koti usoni, akaangusha kiti, akagonga bega kwenye mlango na kupita juu ya maharagwe niliyoanika uani kama ndama aliyeumwa na nyuki. Kofia aliiacha.

Shemeji alisimama. "Mwanamke, una wazimu? Umetuvua nguo!"

"Uliagiza chai, shemeji. Hii hapa. Sukari hakuna."

Hakuigusa. Alichukua kofia ya mwenzake akatoka. Mzee wangu alibaki anatazama sakafu, na chai yake ikapoa. Na mimi sikumbembeleza, nilikuwa na mkate wa kuoka.

Ulitoka bapa, umelowa katikati, lakini ulitoka. Asubuhi niliufunga kwa kitambaa cheupe, tukaenda kanisani watatu, mzee mbele, sisi nyuma. Shemeji alikuwa ametutangulia. Kwa jinsi mchungaji alivyonitazama, nilijua ameshasimuliwa yote, na ya kuongeza.

Mzee alinawa mikono kwenye karai kama kawaida yake, akasimama karibu na Meza, mikono ameiweka mbali na koti ili ikauke, maana mikono ya kubeba kikombe haigusi nguo. Mchungaji hakufunua kikombe. Alituita mbele ya watu wote.

"Mama, nyumba yenu ina amani?"

"Haina," nikasema.

"Mkweo yuko nje nyuma ya kanisa, hawezi kuingia kwa sababu yako. Anasema ametubu. Mwache mkewe aondoke naye leo, mzee wako abebe kikombe, tumalize."

Binti yangu alikuwa kwenye gogo la nyuma, ameligeuza lile sikio zima lituelekee. Mzee akanigeukia.

"Mama watoto," akasema taratibu, "mchungaji anakuuliza."

Sauti ile mpaka leo sijui ilikuwa inaniomba nini.

"Mkate nimeuleta," nikasema. "Mtoto simtoi."

Kanisa likaguna. Shemeji akapiga makofi mara moja. "Si niliwaambia?"

Mchungaji akainua mkono, wakanyamaza. "Nakuuliza mara ya pili, mama, na ufikiri kwanza. Huyu mzee ametumika miaka yote hii. Unataka akae chini mbele ya watu kwa ajili ya ukaidi wako?"

Nilimtazama mzee wangu. Aliitazama mikono yake ambayo bado ilikuwa na maji, akaipangusa polepole kwenye koti, mmoja, halafu mwingine.

"Mkate nimeuleta. Mtoto simtoi."