Jiwe la Mawimbi la Isingiro

Enzi zetu pale Isingiro, Jumamosi jioni ilikuwa saa ya kulia. Bibi alitukusanya wajukuu wote, akatupeleka chemchemini chini ya kilima, akatusugua miguu juu ya bamba la jiwe lenye mistari kama maji yanayopulizwa na upepo. "Kesho mnaingia kanisani na magaga haya? Hamwoni haya?" Tulipiga kelele, povu likituingia machoni, na tukirudi nyumbani tunanukia sabuni ya mche na moshi wa ndizi za kuchoma. Watoto wa siku hizi ukiwasugua kwa taulo tu, wanasema unawatesa.

Nilipofika kidato cha pili, mwalimu wa jiografia alitupandisha kilima hicho. Akasema ile mistari ni mawimbi kweli. Hapa palikuwa na bahari ya kina kifupi, kabla mnyama yeyote hajatembea nchi kavu. Mchanga ukatulia chini, ukafunikwa, ukabanwa na kupikwa na joto la ardhini hadi ukawa jiwe. Kisha ardhi ikajikunja, ikaliinua. Mvua ikala vilivyo laini, jiwe likabaki. Tulicheka sana. Bahari, wilaya yetu hii ya Kyerwa! Lakini jioni nilikwenda peke yangu kulipapasa lile bamba.

Mwaka huu nilimwahidi binti yangu Koku: mkifunga shule nitakupeleka ukaiguse bahari. Tumekwenda mwezi huu. Kilima kimechimbwa nusu, bamba limepasuliwa kokoto. Baba mdogo, mwenye eneo, ananiambia bila aibu, "Pale hata mgomba hauoti, mwanangu. Pana faida gani?" Ndivyo tulivyo huku: ardhi isiyozaa ndizi tunaiona takataka. Kijana mwenye nyundo naye akadakia, "Mama Koku, jiwe si jiwe tu?"

"Na wewe si mtu tu? Nikupasue?"

Wenzake wakaangua kicheko. Koku akanivuta kitenge. "Mama, bahari iko wapi?"

Kokoto zile zinamwagwa barabarani. Sipingi barabara, wajawazito tumeteseka vya kutosha kwenye matope. Lakini enzi zetu ukitoka sokoni na mzigo kichwani, ukikiona kilima kile unajua umefika kwenu. Watoto wetu watapita juu yake kwa bodaboda, mbio, simu mkononi, wala hawatajua wamekanyaga nini.