Krimu Juu ya Chokaa Yangu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, sikumpenda, na sitaki kuandika kana kwamba nilimpenda. Kwa hiyo ninayosema juu yake uyapunguze kidogo.

Tuliishi Msalato, kwa mama mkwe. Kila mwaka kabla ya Krismasi, kupaka sebule ilikuwa kazi yangu: chokaa iliyochanganywa na bluu kidogo ya kufulia, na chini, usawa wa goti, mkanda wa udongo mwekundu. Watu wakisifu kuta walinisifu mimi. Kingine changu mle ndani hakikuwepo.

Miaka ile maduka yalikuwa yameanza kujaa tena vitu vya nje. Wifi akaja kutoka Dar na makopo ya rangi ya mafuta, krimu.

"Wifi, bluu yenu hii ni ya zahanati," akasema, anacheka. "Siku hizi watu wanapaka krimu. Mgeni akiingia anajua ameingia kwa watu."

"Kwani mpaka leo alikuwa anaingia kwa mbuzi?"

"Umesema wewe."

Mama mkwe alikuwepo. Aliinua kopo moja, akaligeuzageuza kutazama rangi yake.

Nilijua rangi ya mafuta haishiki juu ya chokaa. Lazima chokaa ikwanguliwe kwanza. Fundi mmoja aliyepaka nyumba za serikali alinieleza. Na nilimwambia wifi, ila nilisema nimempa mgongo, nachambua mchele, mara moja, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika.

"Wivu huo," akajibu.

Basi nikamwacha apake. Hata kigoda cha kupandia nilimshikia.

Siku ya Krismasi sebule ilipendeza, nakiri. Wageni wakala, wakashiba, wakaegemea kuta. Walipoinuka, migongo ya mashati ilikuwa na magamba ya krimu, chokaa yangu imeganda kwa nyuma. Mzee wa kanisa aliondoka na kipande kikubwa kama chapati.

Wifi akanigeukia mbele yao wote. "Ulijua!"

"Nilikuambia."

"Uliuambia mchele!"

Hapo alikuwa na haki. Nikamtazama mama mkwe, nikingoja aseme turudishe chokaa.

"Rangi yenyewe ilikuwa nzuri," akaniambia. "Mwanangu, wewe ndiye unayejua. Kwangua, ipakwe upya."

Nilikwangua siku tatu kwa kisu cha jikoni. Chokaa ilitoka tabaka kwa tabaka, mwaka kwa mwaka, mpaka nikaufikia ule wa kwanza, nilipokuwa bibi harusi na nikazidisha bluu. Wifi akapaka huku anaimba. Labda hakuimba ili kunikera. Labda alikuwa anaimba tu.

Krismasi iliyofuata alikuja tena. Kabla hata ya kunisalimia aliuegemea ukuta, akajisugua juu na chini, kisha akageuka ili niuone mgongo wake.

Ulikuwa safi.