Salamu za Mjomba Kutoka Kitale

Juzi hapa Kitale nilikuwa nasonga ugali, binti yangu akifanya kazi ya shule mezani, akaniambia jambo lililonifanya niache mwiko ndani ya sufuria. "Mum, mwaka wa nuru si muda bana, ni umbali. Ni pale nuru inafika ikisafiri mwaka mzima. Kuna nyota iko mbali sana, ati tunaweza kuwa tunaona nuru yake na yenyewe ilishakufa kitambo."

Ugali uliungua. Mimi kimawazo nilikuwa nimeshafika Malakisi, kijijini kwa nyanya yangu.

Unazikumbuka zile salamu za redio, rafiki yangu? Ulinunua kadi, ukaijaza majina, ukaituma studio, kisha ukangoja isomwe. Mjomba wangu alifanya kazi kwenye ghala la mahindi Kitale, na hivyo ndivyo alivyomsalimu mamake, yaani nyanya. Alasiri tulifunga majani ya tumbaku kwenye fito, vidole vikinata utomvu mweusi, redio ikining'inia mlangoni pa jikoni. Mjomba akitajwa, nyanya aliijibu redio kwa sauti: "Nimesikia, baba! Sisi wazima!" Tulicheka hadi tukashika mbavu. Ukimuuliza Kitale ni mbali kiasi gani, alisema ni wiki tatu, ingawa gari lilifika siku hiyo hiyo. Yeye alipima kwa salamu: kadi ilichukua wiki tatu kusomwa.

Kisha mjomba akafa ghafla, kwa malaria. Tulimzika nyuma ya nyumba, tukanyolewa nywele kama ilivyo desturi. Majirani walikuwa bado uani wakinywa chai mtangazaji alipotaja jina lake: anamsalimu mamake Malakisi, anamwomba asiuze yule jogoo mwekundu, anakuja kumla Krismasi.

Mtu aliangusha kikombe. Hadi leo sijawahi kushtuka vile. Nyanya alisimama na kichwa chake kilichonyolewa. "Si mmesikia? Mwanangu ako Kitale! Mlizika nani?" Akaanza kutafuta viatu aende kumchukua.

Mwalimu, jirani yetu, alimshika mkono. "Kukhu," akamwita nyanya kwa lugha ya kwetu, "hiyo kadi aliandika akiwa mzima. Ni vile imechelewa njiani."

Nyanya aliketi. Kisha akauliza, "Na mimi nikimjibu, itamfikia lini?" Yule jogoo hakuuzwa wala hakuchinjwa. Alizeeka pale pale uani.

Siku hizi kadi hizo sizioni tena madukani, shamba la tumbaku limekuwa la miwa, na nyanya amelala kando ya mwanawe. Simu yangu inafika Malakisi kabla sijameza mate, ila sina wa kumpigia huko, na hilo linaniuma.

Nilimuuliza binti yangu, "Sasa mtu akiijibu hiyo nyota?"

Alicheka. "Mum, si nimekuambia ilishakufa? Utajibu nani?"

Nilitoka nje na sufuria yangu iliyoungua. Giza lilikuwa linaingia na nyota chache zimeshatoka. Nikasema kwa sauti, majirani wakisikia: "Nimesikia. Sisi wazima."