Petroli Niliyosema Nimeichuja

Siku ile naikumbuka bado, mwanangu. Nilikuwa kijana kutoka Chunyu, nimeajiriwa uwanja wa ndege wa Nachingwea enzi za mashamba makubwa ya karanga. Kazi yangu ilikuwa kuchuja petroli kwa ngozi laini, maji yasiingie kwenye injini.

Palikuwa na Mzungu mmoja, mwalimu wa marubani. Wakati wa vita alifundisha askari kurusha ndege. Vita vilipokwisha akaja kufundisha raia. Nguo za jeshi alizivua, ukali hakuuvua. Ukichelewa alikutukana mbele za watu, nasi tukazoea kumjibu neno moja tu: ndiyo.

Asubuhi hiyo mapipa yalikuwa yamenyeshewa usiku kucha. Mwanafunzi wake, kijana mpima mashamba, Mzungu pia, alikuwa akingoja. Huyo alipenda kutusalimu kwa Kimwera, lugha yetu. Akikosea, tulicheka naye. Debe la kwanza nililichuja. La pili, mwalimu akapaza sauti kunihimiza, nikalimimina hivyo hivyo bila kulichuja.

"Umechuja yote?"

"Ndiyo, bwana."

Injini iliingiwa na maji, ikazimika wakiwa angani juu ya kijiji cha Mtua. Tuliwakuta porini. Kijana alikuwa amekufa, mkono ungali umeshika usukani. Mwalimu alivunjika miguu yote miwili.

Siku tatu nililificha jambo hilo. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Ila hapa kifo kilikuwa cha mwenzangu. Nikaenda hospitali, nikamweleza mwalimu yote, nikitarajia pingu.

"Ungeniambia palepale uwanjani," akauliza, "ningefanya nini?"

"Ungenipiga, bwana."

Akageukia ukutani. "Jeshini nilizika wanafunzi wengi. Kila mara nilisema, ni vita. Hapa hakuna vita."

Hakunishtaki. Hakufundisha tena. Mimi nilirudi nyumbani kulima ufuta, na wazazi wa yule kijana sikupata kujua waliambiwa nini.

Mwanangu, ukikosea, sema mapema, hata mbele ya mtu mkali. Matusi hupita, maiti hairudi. Na ukipewa watu wa kuwaongoza, usiwatishe hadi wakufiche jambo; anayeogopwa haambiwi ukweli. Mimi usinihurumie, niombee tu.

Mwenyezi Mungu akujalie ulimi usioficha, na moyo ambao aliye chini yako hatauogopa. Amin.