Geti Lililopungua Shubiri Mbili

Mwezi uliopita nilikwenda harusi ya binamu yangu Machakos, na kabla hata sijaketi nikawa nimeshakasirika. Mlinzi wa kanisa aliniona nikipapasa maua ya chuma yaliyo katikati ya geti, akanieleza kwa fahari: "Hiyo ni kazi ya mzee mmoja alikuwa hapo chini sokoni. Alikuwa mshona viatu, lakini vyuma alikuwa anajua!"

Jamani! Mshona viatu! Hebu nikueleze, rafiki yangu, maana jambo hili limenikaa kooni tangu nilipokuwa darasa la tano.

Geti hilo alilitengeneza mama. Miaka hiyo ya tisini alikuwa na kibanda cha kuchomelea vyuma nyuma ya soko. Alivaa ovaroli juu ya gauni, kitambaa kichwani, miwani myeusi usoni. Nikitoka shule niliisikia mashine ikinguruma kabla sijakiona kibanda, na harufu ya chuma kilichoungua iliingia mpaka kwenye muthokoi, mahindi yaliyokobolewa tuliyokula kwa sufuria moja. Kazi yangu ilikuwa kusugua kutu kwa msasa. Hata Jumapili kucha zangu zilikuwa nyekundu.

Jirani yetu alikuwa mzee mshona viatu, mtu mpole. Wateja walimpita mama akiwa na chuma mkononi, cheche zikiruka, wakaenda kumsalimu mzee: "Habari ya kazi, fundi?" Mwanzoni alikuwa akiwaambia, "Fundi ni huyu mama." Walicheka, wakidhani ni utani. Mwishowe mzee alichoka, akawa anaitikia tu. Mama alisonya akaendelea na kazi. "Chuma hakiulizi umevaa nini," alipenda kusema. Kweli, chuma hakikuuliza. Lakini mama alitamani kitu kimoja, na hakukificha: aitwe fundi, mbele ya watu.

Kanisa lilipotaka geti, aliona siku yake imefika. Mzee wa kanisa alikuja na kamba ya katani aliyoikata sawasawa na upana wa lango, kama ilivyokuwa desturi. Mama akanyoosha mkono aipokee. Yule bwana akaupita ule mkono, akampa mshona viatu! Nilikuwa pale, niliona kwa macho yangu.

Jioni mshona viatu alimkabidhi mama kamba; mama akaipima, akafanya kazi wiki mbili. Tukalipeleka geti kwa mkokoteni wa punda. Wanaume wanne wakaliinua, na woi! Lilikuwa limepungua shubiri mbili.

"Si tulisema?" mmoja akafoka. "Hii ndiyo kazi ya mwanamke!"

Mama aliitazama ncha ya kamba, akaona mkato mpya, kisha akamgeukia mshona viatu, ambaye alikuwa amekuja kushuhudia. Mzee akainamisha kichwa. "Nilikata kidogo, nikafunga malapa ya mteja. Sikujua ni ya kipimo."

Unajua wazee walisema nini? "Pole mzee, ni bahati mbaya." Kosa likiwa la mama, ni uanamke wake. Likiwa la mzee, ni bahati mbaya! Nililia kwa hasira mpaka nikapata kwikwi.

Mama alipima lango mwenyewe, akarudi kibandani, akakusanya vipande vilivyobaki, akavikunja kuwa maua, akaziba pengo katikati. Geti likafunga barabara. Siku ya kulibariki, mzee wa kanisa alisimama akasifu yale maua, akamwita mbele mshona viatu, akampa mkono. Watu wakapiga makofi. Mama pia alipiga, mikono yake imejaa makovu ya cheche.

Sasa kibanda hakipo, pamejengwa duka la simu. Mshona viatu alifariki, na mama akamfuata. Namkumbuka kila nikisikia harufu ya chuma cha moto, na roho inaniuma kwamba hakuwahi kuitwa lile jina.

Basi siku hiyo ya harusi nilimwambia mlinzi, kwa sauti, waalikwa wakigeuka kutazama: "Geti hili alilitengeneza mama yangu. Yeye ndiye aliyekuwa fundi."

Mlinzi akanitazama, akaangalia yale maua, akatabasamu kwa heshima zote.

"Kumbe wewe ni msichana wa yule mzee!" akasema. "Na mama alikuwa anamsaidia?"