Pasaka Iliyokosa Mwonjaji

Mwaka ule Pasaka iliangukia katikati ya Ramadhani, na hilo ndilo lililomponza Pili binti Shamte, mpishi wa kijiji cha Makote.

Pili, ambaye watu walimwita Mama Halfani, alikuwa Mwislamu, lakini sufuria zake hazikubagua dini. Idi na Maulidi alipika yeye. Krismasi Wakristo walimfuata. Siku ya kuzaliwa Malkia, mandazi waliyogawiwa watoto wa shule bomani Newala yalitoka mikononi mwake. Vijana wakitoka jandoni, ni yeye. Hata Kanji, Mhindi mwenye duka, sikukuu yao ya taa ikikaribia alimwita amkaangie vitafunio vya unga wa dengu. Miezi ya Kizungu hakuijua, ila mwaka umefika wapi aliweza kukwambia kwa kunusa jiko lake.

Alipika kwa ulimi. Chumvi alitia kwa kiganja, akaonja, akaongeza, akaonja tena.

Jumapili ya Pasaka aliwasha moto alfajiri nyuma ya kanisa: mbuzi watatu na gunia la mchele. Nyama ilipochemka akachota mchuzi, akaupeleka mwiko mdomoni, akakumbuka amefunga. Akaurudisha.

"Mama Danieli, hebu onja chumvi," alimwambia Severina, mke wa mwalimu wa kanisa, aliyekuwa akichochea kuni.

"Siwezi, mwenzangu. Tunakwenda kupokea komunyo. Tangu usiku wa manane hatujagusa hata maji."

"Nyote?"

"Sote, mpaka misa iishe."

"Na misa ikiisha mnataka kula."

"Ndiyo." Severina akasukuma ukuni motoni. "Lakini si nasikia mpishi anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi, halafu akatema?"

"Anaruhusiwa. Nilijaribu mwaka juzi. Ulimi wangu haujui kutema. Nililipa siku saba."

Wakaenda kwa Kanji. Walimkuta ameketi barazani kwake, uso umemsinyaa.

"Nyama mimi sili, Mama Halfani. Unajua."

"Mchuzi tu."

"Mchuzi wa nyama ni nyama. Tena leo nimefunga, mpaka mwezi utoke."

Pili akajikalisha kwenye ngazi ya duka. "Kumbe leo Makote nzima haina mdomo."

"Yupo Chilumba," alisema Kanji.

Chilumba alikuwa mtega panya, mtu wa makamo. Mwalimu wa kanisa alikwisha kumfuata abatizwe, na mwalimu wa chuo cha Kurani asilimu, na wote aliwajibu kwa adabu kwamba bado anafikiri. Alikuwa anafikiri mwaka wa ishirini huo, na katika muda wote huo hakuna sikukuu ya upande wowote iliyompita. Alipoitwa alikuja na bakuli lake.

Akanywa mchuzi, akafumba macho. "Chumvi bado."

Pili akatia kiganja. "Sasa?"

"Nimepewa mchuzi tu. Chumvi hukaa kwenye nyama."

Akawekewa mapande mawili. Akayala pole pole, kama mtu anayesikiliza shauri. "Bado kidogo."

Kiganja kingine. Chilumba akasema huenda ubavu ungemwonyesha vizuri zaidi. Ubavu nao ukasema bado. Kwenye bakuli la tano akajifuta midomo, akatangaza kwamba sasa imekaa. Kwake kweli ilikuwa imekaa, maana alikuwa ameshiba.

Misa ikaisha. Padre, aliyetoka Masasi kwa ajili ya siku hiyo, akatia tonge la kwanza kinywani, akalimeza kwa shida.

"Mama Danieli," alisema, "naomba maji."

Kila mtu akaomba maji. Pilau hawakuiacha, kwani Kwaresima ilikuwa ndefu, lakini kabla ya adhuhuri pipa la kanisa lilikuwa kavu. Maji ya Makote yalitoka bondeni, na kuyapandisha kulikula nusu siku. Basi wanawake wakashika njia na kanga zao za sikukuu, madebe kichwani. Kwaya ikafuata nyuma, haiimbi.

Pili akaenda moja kwa moja kwa Chilumba. Alikuwa amejilaza mkekani.

"Umeniaibisha, Chilumba."

"Nisamehe, Mama Halfani. Ningesema imetosha mapema, ningekula nini?"

"Si ungeomba?"

Chilumba akajiinua kwa kiwiko. "Hilo," alisema, "sikulifikiria."

Pili alikuja kumgombeza, akajikuta anacheka mpaka akashika mlango.

Idi ilipofika aliwaalika Wakristo kama kawaida. Severina alikuja wa kwanza, kibuyu cha maji kichwani, na waliomfuata wote walibeba chao.

"Leo nimeonja mwenyewe," alisema Pili.

"Tunajua," alijibu Severina, akakitua kibuyu karibu na mahali atakapokaa.