Mji Usiotolewa

Nyumbani kwetu kitendawili kina sheria moja ambayo sijaikuta kwa watu wengine. Ukishindwa kukitegua, unatoa mji. Hilo kila mtu analijua. Aliyetega anadai mji, unampa Morogoro au Dodoma, anajifanya amefika huko akala akashiba, ndipo anakupa jibu. Lakini kwetu mji unamolala wewe hautolewi. Ukiutoa, utalala wapi? Basi tuligawa Dar es Salaam mpaka tukaichoka, tukagawa London na wenyewe hawana habari, ila kitongoji chetu cha milimani, tulichokiita Juu, basi, hakikuwahi kutolewa. Hata mdogo wangu hakukitoa, naye ni mtu wa kuweza kugawa kaptura aliyoivaa.

Kisha serikali ikatuhamisha bila kututegea chochote.

Malori yalikuja na mgambo. Mapaa yaling'olewa, na nyumba za wabishi zikachomwa ili wasipate pa kurudi. Ya kwetu ilichomwa. Tukateremshwa bondeni, upande wa Msowero, kwenye kijiji kilichopimwa kwa kamba, nyumba zimepanga foleni kama sisi wanafunzi asubuhi tukisubiri kukaguliwa kucha. Mjomba wangu anayefanya kazi mbugani Mikumi alikuja kutupa pole akasema tembo wa kule hawajaambiwa wahame. Nilicheka peke yangu. Wakubwa walitazama mlangoni kwanza.

Bibi alibaki Juu, nyuma ya migomba, chini ya msalaba wa mbao. Babu huniita mke mdogo, utani wa babu na mjukuu wa kike, nami humjibu kwamba sitaki mume asiye na meno. Naandika kama bado yupo. Tangu tuhame, utani wake ulibaki na wimbo mmoja: mke mkubwa yuko peke yake kule, na yeye akifa apelekwe akalale pembeni yake. Kikohozi chake kilikuwa kimeanza kuleta damu, kwa hiyo hakuna aliyemwambia aache mizaha.

Lakini kurudi Juu kulikuwa marufuku. Huruhusiwi kukata ndizi zako mwenyewe, huruhusiwi hata kuzika. Kijiji kilikuwa na makaburi yake, nayo yamepimwa kwa kamba ileile, ili mtu akifa aendelee kukaa kwenye foleni. Baba alikwenda kumwomba mwenyekiti wa kijiji. Akaambiwa ruhusa hiyo ni ya wakubwa wa wilaya, na wakubwa wamekwisha kukataa.

Mwenyekiti naye alikuwa mtoto wa Juu. Zamani alikuwa anakuja kuota moto kwetu, na babu husema hajapata kuona mtoto mwenye kichwa kama kile: alitegua kila alichotegewa, akamnyang'anya miji mpaka ikaisha. Sasa alivaa shati la kijani na kupita mlangoni kwetu kama anayewahi kitu.

Jioni moja mdogo wangu alishindwa kitendawili changu, akasema, "Chukua Juu."

Kisheria hakukosea. Hakuna aliyekuwa analala kule tena. Babu alisukuma sahani yake ya ugali, akainuka, akaingia ndani.

Kesho yake aliniambia anachotaka. Alasiri kulikuwa na kisomo cha watu wazima shuleni kwetu, na mwalimu alipenda vitendawili vya vina: mistari minne yenye mwisho mmoja, na jibu nalo liishie hivyohivyo, ili anayehangaika na herufi aotee kwa sikio. Sisi wa darasa la saba ndio tuliokuwa tunaandika ubaoni. Mwenyekiti hakosi, ilimpasa kuonyesha mfano. Babu, aliyesoma Biblia nzima tangu enzi za misheni, alihudhuria kama hajui hata a. Alisema anakwenda kuburudika. Alitaka amtege mwenyekiti mbele ya watu, kisha adai Juu.

Kipindi kizima cha hesabu nilitunga kitendawili cha kumkomesha yule bwana, kigumu mpaka mimi mwenyewe nilikuwa nasahau jibu lake. Babu alikisikiliza, akakisifu, halafu akanipa chake niandike:

Kazaliwa na upishi,
nyumbani mwangu haishi,
nampiga, hanibishi,
huniliza, hanitishi.

Nikamwambia, "Babu, hiki hata kuku atakitegua."

"Andika, mke mdogo."

Niliandika, chaki ikilia kwa hasira zangu. Babu akasimama akasema kile ni cha Ndugu Mwenyekiti peke yake. Watoto wa darasa la kwanza waliokuwa wanachungulia dirishani walikwisha kunong'ona jibu. Mwenyekiti alisoma ubao taratibu, kidole hewani, akarudia. Akasema jua. Watu wakacheka, jua lina kina gani pale? Akasema mvua. Niliwaza kwamba cheo kimemla akili. Kisha akamgeukia babu, wakatazamana kwa muda ambao ulinichosha.

"Nimeshindwa, mzee."

"Nipe mji."

"Sema unaoutaka."

"Juu."

Mwalimu akaanza kufuta ubao ambao haujamaliza kazi.

"Chukua," mwenyekiti alisema. "Wote mmesikia, nimempa."

Babu alikohoa sana kabla ya kutoa jibu. "Moshi," alisema, akakaa. Hakuna aliyecheka. Kila mtu mle ndani alikuwa na moshi wake.

Njiani nilimsema mwenyekiti kwa kila jina la kichwa kibovu ninalolijua. Babu aliniacha nimalize.

"Changu alikijua," alisema. "Chako kingemshinda kweli, na kesho angesema ule ulikuwa mchezo. Nilitaka ashindwe mwenyewe, kwa kupenda."

Alikufa masika yalipoanza. Kwenye msiba baba alikuwa anaulizia majembe ya kuchimbia kule kwenye foleni, mwenyekiti akaingia, akavua kofia, akasema mzee ana mji wake na yeye ndiye aliyempa. Akashika mbele ya machela. Tulipanda mvua ikitupiga, majani yamefunika njia, wabebaji wakiteleza na kumwomba babu radhi kama anasikia. Juu palikuwa na nguzo nyeusi na migomba iliyovunjwa na nyani. Msalaba wa bibi ulikuwa umelala, tukausimamisha. Mwenyekiti alichimba na wenzake mpaka tope likamfika mapajani.

Wakubwa walikuja na Land Rover, wakaitisha mkutano. Walimwuliza aliwezaje kuwaruhusu watu warudi kwenye mahame. Akajibu kwamba alishindwa kitendawili. Wakaona anawakejeli. Walimvua uenyekiti palepale, wakaondoka naye mpaka kwao wilayani, Kilosa, na aliporudi alikuwa amekonda, jicho moja halifunguki vizuri. Mwenyekiti wa sasa hana mchezo na mtu.

Siku hizi yule wa zamani hukaa benchi la nyuma kwenye kisomo. Juzi nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia marahaba, nami kwa mdomo wangu huu nikamwuliza kama kile cha babu alikijua.

"Mpaka leo sijakipata, mwanangu," alisema, akajipangusa lile jicho, ambalo hutoa machozi lenyewe.

Jana jioni mdogo wangu alishindwa tena. Amezoea njia ya mkato, akasema, "Chukua Juu."

Nilimwambia hautolewi. Akabisha: hakuna anayelala kule.

"Yupo babu," nilisema.

Akafikiri, akakubali. Akanipa Kilosa, pamoja na wakubwa wote waliomo. Nikakataa kuipokea mpaka awatoe.